Kimezimwa, Kimezimika

Septemba 2

Meli ya ile kampuni ya kigeni ya madini imeingia leo asubuhi. Ni ndefu, nyeupe, na katikati umesimikwa mnara wa chuma wa kushushia mitambo. Nimeiandika kwenye daftari la zamu la kituo chetu cha pwani: jina, urefu, saa mbili na dakika arobaini, bahari shwari. Wana miezi mitatu kabla bahari haijachafuka, na katika miezi hiyo wanataka kupima kila mita ya sakafu ya bahari waliyopewa leseni. Waziri amesema redioni kwamba huko chini kuna vinundu vya madini, vyeusi, vikubwa kama viazi, vimetapakaa vinasubiri kuokotwa. Alivyoongea ungedhani ameshapeleka kapu.

Binti yangu yumo ndani ya meli hiyo. Ni mwangalizi wa serikali, ana miaka ishirini na sita, amesomea upimaji wa bahari. Kazi yake ni kuona kila wanachofanya na kukitolea taarifa. Baba yake ametangaza mtaa mzima. Mimi nimetangaza nusu ya mtaa, ile nusu ninayosalimiana nayo.

Niliseme mapema: simpendi mtu yeyote wa kampuni ile, na sijakutana na hata mmoja.

Septemba 5

Bahari shwari. Bosi shwari. Tumempa jina la Bwana Shwari kwa sababu ukimwambia paa linavuja atakujibu "shwari tu," na ukimwambia limeanguka atakujibu hivyo hivyo.

Septemba 9

Saa saba na robo mchana meli ya kampuni imepotea kwenye kioo changu.

Kila meli kubwa hubeba kitambulishi, redio ndogo inayotangaza bila kuchoka: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea kule. Chumbani kwetu kuna vioo viwili. Kimoja kinaonyesha vitambulishi, kingine ni rada. Kwenye rada meli ilikuwepo, nono, inatembea. Kwenye kioo cha vitambulishi hakukuwa na kitu. Saa nane na robo ikarudi, kana kwamba haikwenda popote.

"Imekwenda kula," akasema fundi wetu wa rada, ambaye kila jambo kwake ni la kuchekesha.

Nikamuuliza kama kitambulishi kinaweza kuharibika saa nzima kisha kikapona chenyewe. Akasema kinaweza, ila kikiharibika hutapatapa kwanza, kinapotea kinarudi, kinataja mahali ambapo meli haipo. Hiki kilinyamaza mara moja. Nikaandika: *Kitambulishi kimezimwa, saa 7:15 hadi 8:15.*

Septemba 10

Bwana Shwari alikuja na daftari mkononi, kidole kimekaa juu ya neno langu.

"Mama, hapa umeandika kimezimwa."

"Ndiyo."

"Ulimwona aliyekizima?"

"Sikumwona."

"Basi kimezimika."

"Na wewe ulikiona kikizimika?"

Akacheka kidogo, akakaa kwenye ukingo wa meza yangu, jambo ambalo nalichukia. Akanieleza kama anamweleza mtoto. Sheria ya leseni inasema kitambulishi kikizimwa mara tatu, meli inasimamishwa kazi na leseni inarudi mezani. Kikizimika, ni hitilafu, kampuni inapewa muda wa kutengeneza. "Sasa mama, kwa herufi mbili tatu unataka kuirudisha nchi nyuma?"

Nilimwambia daftari la zamu lina kanuni zake. Kurasa zina namba, tunaandika kwa wino, hakuna kufuta. Ukikosea unakata neno kwa mstari mmoja, lile la kwanza libaki linasomeka, unaandika jipya juu yake na kutia saini. Mimi sijakosea, kwa hiyo sina cha kukata. Akainuka. Akasema mambo ni shwari tu, muhtasari wa wiki unaokwenda jeshi la majini huwa anauandika yeye.

Jioni nikamsimulia mume wangu. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na tangu astaafu ananifundisha mimi. Akaweka kijiko chini. "Bosi wako anajua sarufi kuliko unavyodhani. Kikombe kimevunjika: hakuna wa kulaumiwa, tunafagia vipande. Kikombe kimevunjwa: tunaanza kutazamana. Kauli ya kutendwa ina mtenda hata usipomtaja. Ya kutendeka haina mtu." Alifurahi sana, akaomba chai ya pili.

Septemba 14

Saa saba na robo. Kimezimwa.

Septemba 15

Mwanangu amepiga simu kutoka melini. Yu mzima, anakula vizuri, ameungua jua puani. Nikamuuliza kuhusu kitambulishi.

"Kilizimika, mama. Nilikuwa chini nakula. Niliporudi juu wakaniambia kimezimika, wanakitengeneza. Nimeandika kwenye taarifa yangu."

"Mara zote mbili ulikuwa unakula?"

"Saa saba ndiyo zamu yangu ya kula. Wameipanga wao."

Hakusikia alichokisema. Mimi nilikisikia.

Septemba 18

Saa saba na robo. Fundi ameweka kikombe chake mezani dakika moja kabla, akasema, "Haya, karibuni mezani." Kimezimwa. Ni mara ya tatu. Kwenye daftari leseni ingekuwa imeshasimama. Kwenye muhtasari wa Bwana Shwari ni bahati mbaya tatu.

Septemba 19

Mvua ndogo. Feni ya chumbani imekufa. Imekufa yenyewe, nathibitisha.

Septemba 26

Leo nimechukua penseli na ramani ya zamani nikaweka alama pale rada inapoiona meli kila inapozima. Tarehe tisa ilikuwa ndani ya eneo la leseni. Tarehe kumi na nne ilikuwa kwenye mpaka. Tarehe kumi na nane ilikuwa nje, kusini. Leo saa saba na robo kimezimwa tena, nayo imezidi kusini. Inaelekea Usitie.

Kwenye ramani eneo hilo limezungushiwa mstari wa nukta na maneno "Usitie nanga," ndiyo maana tunaliita Usitie. Hakuna aliyewahi kutuambia kilichopo huko. Lakini nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa, na nilikuwepo wanamaji walipokuwa wakienda na kurudi na meli iliyobeba waya. Huko chini wamelaza masikio. Chochote kinachopita kimya chini ya maji kuingia kwetu, yale masikio hukisikia. Ndio mlango pekee tulio nao wenye komeo.

Na mtu anayepima sakafu ya bahari kwa mwangwi, mita kwa mita, akitafuta viazi vyake vyeusi, ataona kila sikio lilipolala. Akishajua yalipo, anajua pa kupita. Vinundu vinaweza kukaa huko miaka mingine milioni, hawana haraka navyo. Wanachopakia sasa hivi ni ramani, na ramani haihitaji hata mfuko.

Nilimpelekea Bwana Shwari alama zangu. Akazitazama, akakunja ramani vizuri, akaitia kwenye droo yake. "Shwari, mama. Hayo ni ya wakubwa."

Septemba 29

Simu ya mwanangu. Nilikuwa nimejipangia maneno ya upole, yote yakanikimbia.

"Unajua meli yenu iko wapi ukiwa unatafuna?"

"Mama, tusianze."

"Umewekwa humo uone. Wewe unaandika unachoambiwa. Mtoto wa darasa la pili ndiye anayeandika anachoambiwa."

"Nani yuko humu ndani, wewe au mimi? Unajua ilivyo kuwa peke yako katikati ya watu hamsini ambao wote wanasema kimezimika?"

"Hata hapa ninapokaa wanasema hivyo hivyo."

Akasema, "Wewe ukitoka kazini unarudi nyumbani kwako." Simu ikakatika. Au ilikatwa.

Mume wangu amenuna. Anasema nina ulimi mchafu. Ni kweli.

Oktoba 3

Saa saba na robo. Kimezimwa. Iko ukingoni mwa Usitie.

Nimempigia ofisa wa zamu wa jeshi la majini moja kwa moja, bila ruhusa. Sauti ya kijana mwenye adabu sana. Akasema muhtasari wa wiki unaonyesha hitilafu ya mitambo, je, nina jambo tofauti? Nikasema ninalo, limo kwenye daftari. Akasema atalifikisha.

Oktoba 6

Leo mwanangu hakupiga simu.

Oktoba 8

Bwana Shwari hakai tena mezani kwangu. Anasimama mlangoni. Amejua kwamba nilipiga simu. Amesema kuna nafasi ya mtunza stoo, na kwamba mtu wa umri wangu angepata kupumzika. Nilimwambia nitapumzika nikifa, na hata siku hiyo nitaandika saa. Fundi hakucheka, na hapo nikajua hali imekuwa mbaya.

Oktoba 13

Simu haikulia tena. Nilikaa karibu nayo nikijifanya nachambua mchele.

Sitaki mtu anisemeshe. Mume wangu akikohoa naudhika. Jirani ameniuliza binti hajambo, nikamjibu hajambo kwa namna ambayo hataniuliza tena mwezi huu.

Oktoba 16

Wameitikia. Barua imefika kwa Bwana Shwari, na akanisomea kwa sauti, pole pole, akiniangalia kila baada ya mstari. Kesho kutwa anakuja kapteni kutoka jeshi la majini kuchukua daftari halisi la zamu. Litalinganishwa na taarifa za mwangalizi, neno kwa neno, siku kwa siku.

Nilitaka kushangilia. Kisha Bwana Shwari akakunja barua na kuniuliza, kwa upole ambao ningependa kumpiga nao: "Umefikiria lakini, mama? Wewe umeandika kimezimwa mara tano. Binti yako ameandika kimezimika mara tano na kutia saini. Mmoja wenu amesema uongo. Mwangalizi akitoa taarifa ya uongo kuhusu meli ya kigeni, ni miaka saba."

Nilikuwa sijafikiria. Mwezi mzima nimemtafuta mtenda, na sikuona kwamba nilikuwa namsogelea mwanangu.

Oktoba 17

Nimemwambia mume wangu asubuhi, tukiwa tumesimama jikoni. Aliyaacha maji yachemke, yakamwagika, yakazima jiko.

"Kata," akasema.

"Nikate nini?"

"Yale maneno. Kanuni inakuruhusu. Mstari mmoja, saini, kosa la kalamu. Andika kimezimika mara zote tano, mlingane."

Nilimtazama mtu huyu. Huyu ndiye aliyewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa kuandika "kimevunjika" wakati kila mtu alimwona akivunja dirisha.

"Wewe unaniambia hivyo? Mwalimu mzima?"

"Nimeacha kufundisha," akasema. Akakikunja kitambaa cha vyombo, akakikunjua. "Mke wangu, nakuomba. Nchi ina watu wengi wa kuilinda. Yule ana mimi na wewe. Mtoto hakuzima kitu. Alikuwa anakula. Kwa kula tu afungwe miaka saba?"

Nilimwita mwoga. Nilimwita na mengine ambayo sitayaandika. Alikubali yote, akarudia tu: kata.

Nimekwenda kazini. Nimefungua ukurasa wa tarehe tisa, nikaweka rula, nikakata. Juu yake nikaandika *kimezimika*, nikatia saini. Nikafungua wa kumi na nne, wa kumi na nane, wa ishirini na sita, na wa tarehe tatu. Mistari mitano imenyooka vizuri. Fundi aliniona, akageuza kiti chake akatazama ukuta. Bwana Shwari alikuja, akasoma, akaniwekea mkono begani. Nilitamani kuukata na wenyewe.

Saa saba na robo meli ikatoweka kwenye kioo. Kwenye rada ilikuwa katikati ya Usitie, imesimama. Bwana Shwari alikuwa nyuma yangu. Niliandika *Kitambulishi kimezimika*, na safari hii sikuhitaji kukata chochote, neno lilitoka lenyewe.

Dakika saba baadaye redio ikafunguka, ile chaneli ya kuitana ambayo kila meli inaisikia na kila kituo kinairekodi kwa mkono.

"Kituo cha pwani, kituo cha pwani. Hapa ni mwangalizi wa serikali."

Sauti ya mwanangu. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi mbio.

"Kituo, sikwenda kula leo. Nimejificha kwenye chumba cha ramani nyuma ya usukani, nimeona kwa macho yangu. Kitambulishi kimezimwa. Narudia, kimezimwa. Aliyezima ni nahodha, kwa mkono wake, saa saba na robo. Tuko ndani ya eneo la usitie nanga na wameshusha mitambo. Taarifa zangu tano za mwanzo niliandika nilivyoambiwa, si nilivyoona. Andikeni hivyo. Mama, kama ni wewe hapo, andika."

Nyuma ya sauti yake mlango ulikuwa unagongwa. Kisha chaneli ikanyamaza.

"Hukusikia kitu," akasema Bwana Shwari. "Mawimbi yameingiliana. Mama, weka kalamu chini."

Kanuni ya chaneli ya kuitana ni kwamba linaloingia linaandikwa lilivyosemwa. Nikaandika yote. Bwana Shwari alipoukamata mkono wangu, fundi akainuka, mara ya kwanza msimu mzima bila utani, akasema, "Mwache aandike, mkubwa. Nami nimesikia. Na kila meli iliyoko baharini imesikia."

Nikapiga simu jeshi la majini. Yule kijana mwenye adabu alikuwa ameshasikia. Boti ilikuwa inatoka.

Kwa muda wa saa tatu nilikaa nikitazama rada, nukta ndogo ikiifuata nukta kubwa. Sijawahi kumwomba Mungu kwa maneno machafu namna ile.

Oktoba 18

Yu hai. Walikuwa wamemfungia kwenye chumba cha nguo za mvua. Mkono umevimba, hawajamfanya kingine. Meli imeletwa bandarini chini ya ulinzi.

Oktoba 19

Bwana Shwari hajaja kazini. Wamechukua droo yake nzima, na ramani yangu ikiwa ndani.

Oktoba 22

Kapteni ni mwanamke mfupi mwenye miwani. Alifungua daftari mezani, akanipa kiti, hakunipa maji.

Aliniambia kwanza jinsi hali ilivyo. Kilichopimwa mchana kilikuwa kinatumwa kwao kila jioni. Masikio ya Usitie wameshayaona yote, isipokuwa mawili. Kuyahamisha kutachukua miaka, na mpaka hapo mlango uko wazi. "Mama, ungalipiga simu tarehe kumi na nne na ukang'ang'ania, tungaliokoa nusu," akasema.

Akageuza daftari linielekee. "Hapa uliandika kimezimwa mara tano. Wewe peke yako katika nchi hii ndiye uliyeandika hivyo. Kisha umekata mara zote tano, siku moja kabla ya ile niliyopangiwa kulichukua, kalamu moja, rula moja. Na siku yenyewe umeandika kimezimika ukiwa unaiona meli kwenye rada. Kosa la kalamu?"

"Hapana."

"Ni amri ya mkuu wako?"

Ingekuwa rahisi sana. Mtu yule yuko mahabusu, jina lake tayari limechafuka, hata mwenyewe asingeshangaa. "Msimu mzima aliniamuru nikakataa," nikasema. "Siku ile hakuniamuru."

"Basi nani?"

"Nimekata mimi."

Akaandika. Akasema binti yangu aliandika alichoambiwa, kisha akaenda kuangalia. Mimi niliangalia, kisha nikaandika nilichoambiwa. Atapendekeza binti arudishwe kazini na mimi niondolewe kwenye zamu, na mashtaka yatafuata kama yatafuata. Alisema bila chuki, na hiyo ilinichoma zaidi kuliko kama angepiga kelele.

Nje kwenye benchi walikuwa wamekaa wawili, baba na binti, binti mkono wake umefungwa bendeji. Niliketi mwisho wa benchi, baba yake akawa katikati yetu. Hakunisalimia. Wamemwonyesha daftari asubuhi.

"Mama," akasema, akitazama ukuta wa mbele. "Nilipokuwa nimejificha kule nilikuwa na hofu mpaka natapika. Nikawa najiambia, kuna mtu mmoja huko nchi kavu ameandika kimezimwa. Mtu mmoja. Ndicho kilichonitoa nje." Akavuta bendeji ya mkono wake. "Kumbe saa ile ile ulikuwa unakata."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Nani alikuomba?"

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimsikia akivuta pumzi ya kutaka kusema, nikamkanyaga mguu, kwa nguvu, mpaka akaiachia.

"Hakuna aliyeniomba," nikamwambia mwanangu.